Zamu ya Kunegunda

Kunegunda Pyrek alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na aliitumia ndani ya nyumba. Kijijini kwao, huko Poland, ng'ombe walikuwa mbali na sauti ilihitajika. Hapa Hamtramck, ubavuni mwa Detroit, Marekani, nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwombea afya, lakini yeye hakuona sababu ya kuipunguza. Mimi nililala darini mwake kama mpangaji, chakula kikiwa ndani ya kodi. Nilifanya zamu ya usiku, na kila asubuhi nilipoweka kichwa kwenye mto nilisikia kupitia mbao za sakafu maoni yake yote juu ya bei ya kabichi.

Nilivumilia kwa sababu moja tu: alijua kupika. Mimi ni mtu wa tumbo, sijawahi kulificha jambo hilo na wala haliwezi kufichika. Supu yake ya kabichi chachu ingeweza kumwamsha maiti, na maiti huyo angeomba aongezewe.

Kunegunda alivuka bahari akiwa msichana, amekumbatia mto wa manyoya ya bata bukini uliokuwa mkubwa kuliko yeye. Kabla ya kuolewa alikuwa akisokota sigara kwenye kiwanda kimoja cha tumbaku hapo Detroit, pamoja na wasichana wenzake wa Kipolandi. Siku moja nyapara aliwakata mshahara kwa sababu ya majani mabovu, majani aliyoyanunua yeye mwenyewe. Kunegunda aliweka kisu mezani, akafunga kitambaa kichwani, akatoka nje, na wenzake wote wakamfuata. Walisimama kwenye theluji wakiimba nyimbo za Bikira Maria mpaka nyapara akawarudishia chao. Mgomo wenyewe haukumtisha yule bwana. Tatizo ni kwamba Kunegunda ndiye aliyeongoza nyimbo.

Kisha akaolewa na Walenty, mtu mrefu mwembamba, mpole, aliyefanya kazi kiwanda cha magari. Ndoa yao ilikuwa ya amani sana kwa kuwa hawakuonana. Walenty aliondoka gizani akarudi gizani, akala akiwa nusu usingizini, akalala buti moja likiwa bado mguuni. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa wima kwa heshima zote, na akalala macho yamefumbwa tangu injili mpaka baraka ya mwisho. Kunegunda alimtambua kwa kikohozi chake.

Basi Januari ya 1914 ikaja ile habari. Kampuni ya magari, iliyotuajiri Walenty na mimi, ilitangaza kwamba mshahara utapanda hadi dola tano kwa siku, yaani zaidi kidogo ya maradufu ya tuliyokuwa tukipata, na saa za kazi zitapungua hadi nane. Mtaani kwetu watu walilia. Mwokaji mikate aligawa mikate bure, halafu akajuta, akaanza kuidai. Kunegunda alimkumbatia mumewe mbele ya dirisha lililo wazi, akaangua kilio cha furaha kilichosikika mpaka kituo cha tramu.

Lakini fedha hizo hazikutolewa hivi hivi. Kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuangalia kama mfanyakazi anaishi kwa adabu: nyumba safi, baba asiye mlevi, mama mwenye furaha, na pasiwe na wapangaji waliorundikwa humo. Mkaguzi asiporidhika, mtu alibaki na mshahara wake wa zamani, aangalie wenzake wakinunua makoti mapya. Mimi nilikuwa mpangaji. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo mimi ni mdogo wake Kunegunda.

Kunegunda alinipima kwa macho toka juu hadi chini. "Mama yangu angekufa kwa aibu," alisema.

Siku ya kwanza Walenty alipotoka kazini saa tisa alasiri, jua likiwa bado juu, mbwa wao Burek alimng'ata. Mbwa alikuwa hajawahi kumwona mwanamume yule mchana. Walenty aliingia ndani akichechemea, akaketi jikoni, akaangalia kuta. Hakujua mtu hufanya nini saa hizo. Mwanzoni alilala. Baadaye akatengeneza kila kilichoharibika, kisha akaharibu viwili vitatu apate vya kutengeneza. Vilipokwisha, akamgeukia mkewe.

"Kunda, hivi kwa nini chumvi inakaa kule na sufuria iko huku?"

"Kwa sababu ndiko inakokaa."

"Kiwandani siku hizi hatutembei. Umesimama tu, kazi yenyewe ndiyo inakufuata."

"Basi kaa hapo hapo, Walenty, ikufuate."

Angeishia hapo ningekuwa nimenenepa zaidi. Lakini aliazima saa ya mfukoni kwa jirani, akawa anamfuata mkewe nayo, akinong'ona hesabu kila alipokwenda dirishani. Jumamosi moja alipigilia ubao mrefu kutoka mezani hadi kwenye jiko, umeinama, ameupaka mafuta ya nguruwe, ili vinavyopikwa viteleze vyenyewe mpaka sufuriani. Kiazi cha kwanza kiliruka kikampiga Burek. Cha pili kiliingia kwenye ndoo ya makaa. Mimi nilikiokota nikakila, maana kuacha chakula ni dhambi.

"Wee mwanaume," Kunegunda alisema, mikono kiunoni, "kiwanda chako kimekufukuza au?"

"Mke wangu, usinune. Hii ni elimu. Wakubwa wamegundua jambo. Mtu akifanya kazi saa chache na akilipwa vizuri, anatengeneza vingi kuliko yule anayechoka. Aliyechoka anaharibu. Aliyepumzika, mkono wake mwepesi. Limethibitishwa hilo, wala si la kubishania."

Niliacha kutafuna. Nilimwona Kunegunda akilitazama lile neno, kama mtu anayeangalia samaki sokoni kabla hajauliza bei.

"Hebu rudia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba ile alisema polepole.

Walenty, maskini, akarudia. Aliongezea hata mifano.

"Limethibitishwa?"

"Kabisa."

"Basi na mimi," akasema Kunegunda. "Naanza alfajiri. King'ora cha saa tisa kikilia, nimemaliza. Na nusu ya nyongeza yako iwe mkononi mwangu, nitumie nitakavyo, bila kuulizwa."

Walenty alicheka mpaka akakohoa. "Kunda! Mama wa nyumbani naye analipwa? Tangu lini?"

"Tangu limethibitishwa."

"Sahau."

Jumatatu king'ora cha kiwanda kilipolia, Kunegunda alikuwa akimenya kiazi. Kisu kilisimama katikati. Akaweka kiazi mezani, nusu kina ganda nusu hakina, akavua aproni, akavuta kiti dirishani, akaanza kutafuna mbegu za alizeti. Kiazi kile kilikaa pale mpaka alfajiri ya Jumanne, kimekuwa cheusi.

Jumanne supu ilikuwa tayari, imekosa chumvi tu.

"Chumvi tu, Kunda! Iko hapo, nyoosha mkono!"

"Chumvi ni ya zamu ya pili."

"Zamu ya pili ni nani?"

"Hilo mwulize mwajiri. Mimi ni mfanyakazi tu."

Walenty akanigeukia. Na ndivyo mimi, mtu mzima mwenye usingizi wangu, nilivyoajiriwa kuwa zamu ya pili. Sijui kupika. Najua kula, na watu hudhani ni ujuzi mmoja. Nilitia chumvi, Walenty akatia chumvi nyuma yangu bila kujua, na usiku ule kiwandani nilikunywa maji mpaka nyapara akaniuliza kama nimekula baharini.

Kunegunda alinogewa. Akawa ananiita ili nizoee ukoo. "Ndugu yangu kipenzi! Mtoto wa mama! Kamwage majivu, dada yako amepumzika." Jirani yetu, Mama Barańska, alimwona pale dirishani akiwa amekunja mikono, akaja kuuliza kama kuna msiba. Walinong'onezana kwa muda, ingawa kunong'ona kwa Kunegunda kulisikika kwangu darini. Kesho yake saa tisa Mama Barańska naye alikuwa dirishani kwake. Mumewe alimpita Walenty barabarani bila kumsalimu.

Hapo ndipo tukafika Alhamisi ya Mafuta.

Wapolandi tunaielewa siku hiyo hata tukiwa tumelala. Kwaresima iko mlangoni, mafuta, mayai na sukari vyote vitamalizwa, kwa hiyo kila nyumba inakaanga pączki, maandazi ya mviringo yenye jamu ya plamu tumboni, na asiyekula siku hiyo ajue mwaka wake umeharibika. Nilikuwa nimeisubiri tangu Krismasi. Kunegunda alikanda unga tangu asubuhi, beseni zima la mbao, mayai yote, hamira ya kutosha. Angekuwa amemaliza kukaanga mchana. Lakini jioni iliyotangulia Walenty alikuwa amelisogeza jiko karibu na mlango ili kupunguza hatua, na bomba la moshi halikufika vizuri. Kutwa nzima jiko lilikohoa moshi na kuzimika. Mafuta yalikuja kuchemka wakati mmoja na king'ora.

Nilishuka ngazi mbio nikifuata harufu. Nilimkuta akivua aproni.

"Pani Kunegunda," nilisema kwa heshima zote za Kipolandi, nikiwa karibu kupiga magoti, "unga unaumuka!"

"Nauona."

"Unamwagika!"

"Mwambie zamu ya pili."

"Mimi ndiye zamu ya pili!"

"Basi pole, mdogo wangu," alisema, akaketi dirishani.

Unga ulipanda ukavuka ukingo wa beseni, ukaning'inia, ukashuka taratibu kuelekea sakafuni. Mlango ukafunguliwa, Walenty akaingia uso umemwiva kwa baridi, na nyuma yake, hatua chache tu, wakaingia watu wawili. Mmoja alikuwa mkaguzi wa Kampuni, Bwana Prentiss, mrefu, kofia ya mviringo, miwani iliyojaa ukungu mara tu alipokanyaga jikoni. Wa pili alikuwa mkalimani, kijana wa Kipolandi aitwaye Zenon, aliyevaa kola ngumu iliyomzuia kugeuza shingo.

Bwana Prentiss akavua kofia, akatafuta pa kuiweka, akaiweka juu chini kwenye kistuli mwisho wa ule ubao wa kuteleza. Kistuli chenyewe kiliwekwa pale kusudi ubao usilegee. Akaanza kufuta miwani.

Walenty aliinama sikioni kwa mkewe. "Kunda, nakuomba. Vaa aproni. Dola tano, Kunda!"

"Nusu," alisema Kunegunda. Alidhani ananong'ona.

"Robo."

Donge la unga likaanguka sakafuni, *pwa*.

"Nusu."

"Theluthi, na usiniaibishe mbele ya wageni."

"Nusu."

Walenty alinyooka, akatabasamu kwa meno yote, akajifunga aproni ya mkewe yenye maua. "Karibuni, karibuni! Leo tunakaanga sisi wanaume. Ni mila."

Sijawahi kusikia mila hiyo. Nilishika kijiko kirefu. Walenty alikata madonge, akayajaza jamu, akayaweka ubaoni, nayo, kwa mara ya kwanza tangu ubao uvumbuliwe, yakateleza kama yalivyokusudiwa, ila kwa kasi. Manne yaliingia kwenye mafuta. Mimi nilikuwa nikikwepa mafuta yaliyoruka. La nne, ambalo lilikuwa limekwisha kukaangwa upande mmoja kabla halijanitoka kwenye kijiko, lilianguka pembeni, na sikujua limekwenda wapi. Moshi ulijaa. Burek alikuja akala unga wa sakafuni akaanza kuumuka naye.

Mkaguzi alivaa miwani, akanitazama, akasema kitu.

"Bwana anauliza huyu ni nani," alisema Zenon.

"Ndugu yake mke wangu!" alisema Walenty.

Wakaguzi hupewa cha kuonja, na mimi nikampa andazi la kwanza. Lilikuwa jeusi nje na bichi ndani. Bwana Prentiss alilitafuna kwa adabu, akaacha kutafuna, akawa amelihifadhi shavuni. Akamtazama Kunegunda pale dirishani, mikono imekunjwa, mbegu za alizeti mapajani.

"Bwana anauliza kama mama anaumwa," alisema Zenon.

"Mwambie siumwi!" alisema Kunegunda. "Nimemaliza zamu."

Zenon alitafsiri kwa sauti ya chini, ya kiofisi.

"Si hivyo!" akapiga kelele Kunegunda. "Mimi nimesema kwa sauti, na wewe mwambie kwa sauti! Unanipunguza!"

Basi Zenon, kola ikimkaba, ikabidi ampigie kelele mkubwa wake. Bwana Prentiss akarudi nyuma hatua moja. Walenty alishika ukingo wa meza. Nilimhurumia kweli. Dola tano zilikuwa zikimtoka, na yeye alikuwa amevaa maua.

Mkaguzi akauliza zamu gani. Kunegunda akamweleza, na Zenon akamweleza kwa ukali ule ule: kwamba ameanza alfajiri, kwamba wanaume wa Kampuni hufanya kazi saa nane na yeye hizo nane alizipita zamani, kwamba king'ora kikilia ni cha mtaa mzima, si cha wenye ndevu peke yao. Kisha akasimama.

"Sasa muulize bwana wako swali langu. Mtu akifanya kazi saa chache na akilipwa vizuri, kazi inakuwa nzuri au mbaya?"

Bwana Prentiss alisikiliza, na uso wake ukachangamka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile mtu kumuuliza swali analolijua. Alijibu kirefu, akipunga mkono, mpaka andazi likamtoka shavuni.

"Anasema inakuwa nzuri zaidi," alisema Zenon. "Anasema hiyo ndiyo imani ya Kampuni, na anafurahi kuikuta jikoni. Anauliza ni nani aliyekufundisha, mama."

"Mume wangu."

Bwana Prentiss akampa Walenty mkono, akautikisa kwa nguvu.

"Lakini mume wangu anaipinga," alisema Kunegunda.

Zenon alitafsiri. Mkono ukaacha kutikiswa. Bwana Prentiss akamtazama Walenty juu ya miwani, akauliza neno moja, na hilo halikuhitaji mkalimani.

"Mimi?" Walenty alisema, jasho likimtoka. "Nipinge Kampuni? Mimi sipingi! Nani kasema? Nusu! Kunda, nusu! Mashahidi hawa hapa, Zenon, mwambie bwana nimesema nusu!"

"Na saa tisa?"

"Na saa tisa! Kila siku!"

Kunegunda alikung'uta maganda mapajani. Akamvua mumewe aproni, akajifunga. "Leo ni kazi ya ziada," alisema, "kwa ajili ya mgeni." Akanipokonya kijiko, akasukuma jiko kwa nyonga likarudi mahali pake, bomba likakaa, moshi ukakata. Muda si mrefu maandazi yakaanza kutoka, ya rangi ya asali, mepesi, yenye ukanda mweupe kiunoni. Mkono wake ulikuwa umepumzika, ilibidi nikiri. Nilikula nikalia. Zenon alifungua kola. Bwana Prentiss alikula kama mtu ambaye kwao hawapiki.

Alipotosheka alinitazama tena mimi, kwa mashaka, akauliza kama kweli sisi ni ndugu.

"Huyu?" Kunegunda alisema. "Mtazame anavyokula. Unadhani ningemlisha kama si damu yangu?"

Mkaguzi alinihesabia mawili matatu yakishuka, akaridhika. Akachukua kofia yake kistulini, akaivaa, na hapo ndipo nilipojua lile andazi la nne lilikwenda wapi. Ungemwambiaje? Aliinama kumuaga mama mwenye nyumba, na jamu ya plamu ikamshuka polepole nyuma ya sikio, ikaingia kwenye kola. Alitoka hivyo hivyo akitabasamu. Burek alimfuata mpaka kituo cha tramu.

Walenty alipitishwa. Siku ya mshahara aliweka nusu ya nyongeza kwenye kiganja cha mkewe, akaangalia pembeni. Nilitegemea Kunegunda apige kelele za ushindi. Hakupiga. Alifunga kiganja, akapangusa pua kwa nyuma ya mkono, kama mtoto. Niliona aibu kuwa pale nikapanda darini.

Kesho yake nilikuwa kwenye ngazi king'ora kilipolia. Kunegunda alivua aproni, akaketi dirishani. Walenty aliingia kutoka kazini. Saa ya jirani alikuwa ameirudisha, ubao ameupasua kuni, hana la kufanya. Akavuta kiti cha pili, akakaa kando yake. Walitafuna mbegu za alizeti, jua la Februari likiwapiga usoni, na dirishani kwake Mama Barańska akawapungia mkono.

Kunegunda akamgeukia mumewe, akamkazia macho muda mrefu.

"Nini tena?" Walenty aliuliza kwa hofu. "Nimefanya nini?"

"Kumbe macho yako ni ya kijani," alisema.

"Yamekuwa hivyo siku zote, Kunda. Hata kanisani."

"Kanisani huwa yamefumbwa," alisema Kunegunda, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, na hakuacha kumtazama.